Tomyris, Malkia wa Farasi Waliovaa Shaba

Mwaka huu nimepewa nafasi katika jarida letu, nami nimeona nisiitumie kuwapigia porojo. Nataka niwasimulie maisha ya mwanamke mmoja aliyeishi zaidi ya miaka 2500 iliyopita, mbali sana na hapa kwetu. Lakini kwanza niwaambie jinsi nilivyokutana naye, maana bila kisa hicho hamtaelewa kwa nini nilikesha nikimsoma.

Muhula wa kwanza tulikuwa na mdahalo. Hoja ilikuwa kwamba mkulima amemfaa binadamu kuliko mfugaji. Mimi nilipangwa upande wa mfugaji, na kusema kweli nilifurahi, kwa sababu kwetu ni wafugaji tangu jadi. Basi msemaji wa upande wa pili akasimama, akakohoa kidogo, akatuambia kwamba watu wa kuhamahama hawana historia. Ati hawakujenga mji, hawakuandika kitabu, walipita juu ya ardhi kama upepo, na upepo hauachi nyayo. Ukumbi ukavuma kwa makofi. Zamu yangu ilipofika nilisimama, lakini ulimi ulikuwa umekauka kau! Nikasema maneno mawili matatu kuhusu maziwa na nyama, watu wakacheka, nikaketi. Tulishindwa vibaya. Jioni ile nilitembea kilomita nne hadi nyumbani na sikumbuki nilipita wapi.

Kesho yake nilimfuata mwalimu wetu wa historia mlangoni pa chumba cha walimu nikamweleza yote. Hakunipa pole. Aliniuliza swali moja tu: mtu anayehama kila msimu, mali yake huiweka wapi? Nikamjibu kwamba huiweka juu ya mnyama. Akasema basi nikamtafute mnyama huyo ardhini, nami nitaipata historia yangu. Akanipa kitabu kizee cha historia ya kale, jalada limeng'oka, akanionya nikirudishe kikiwa hai. Nilikisoma nyumbani kwa mwanga wa taa ya sola, mbuzi wakikohoa zizini, na humo ndimo nilimomkuta Tomyris.

Tomyris alikuwa malkia wa Wamassageta, watu wa kufuga na kupanda farasi waliokaa katika nyanda pana za Asia ya Kati, mashariki mwa Bahari ya Kaspi. Alitawala katika karne ya 6 K.K. Aliyetuachia habari zake ni Herodotus, Mgiriki aliyezaliwa Halicarnassus, mji ambao siku hizi unaitwa Bodrum na uko nchini Uturuki. Aliandika karibu miaka mia moja baada ya mambo yenyewe kutokea, akiwa amekusanya masimulizi ya watu wengi.

Herodotus anasema Wamassageta hawakupanda mbegu yoyote. Walikula nyama ya mifugo yao na samaki wa mtoni, na kinywaji chao kilikuwa maziwa. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, maana ukitoa samaki, ni kama alikuwa anaandika kuhusu nyumbani kwetu. Mungu wao alikuwa jua pekee, na walimtolea jua sadaka ya farasi. Walisema mungu mwenye mbio kuliko wote anastahili kupewa mnyama mwenye mbio kuliko wote.

Jambo lililonifanya nikae wima ni lile la shaba. Nchi yao, anasema Herodotus, haikuwa na chuma wala fedha, lakini ilikuwa na shaba na dhahabu tele. Ncha za mikuki, ncha za mishale na mashoka ya vita zilikuwa za shaba. Mapambo ya kichwani na ya mikanda yao yalikuwa ya dhahabu. Farasi nao walivishwa vivyo hivyo: kifuani dirii ya shaba, na kwenye hatamu, lijamu na mapambo ya mashavuni dhahabu. Yaani watu hawa hawakuwa na kuta za kutundika utajiri wao, kwa hiyo waliutundika juu ya farasi. Nikamkumbuka mwalimu na swali lake.

Labda wengi wetu hatumjui farasi ila kwenye picha, kwa hivyo nieleze kidogo. Lijamu ni kile kipande kinachokaa mdomoni mwa farasi. Kati ya meno yake ya mbele na magego yake kuna ufizi mtupu, na hapo ndipo lijamu hulala. Lijamu nyingi za shaba za watu wa nyika zilikuwa na vipande viwili vilivyoshikana katikati kwa pete, kama viungo viwili vya mnyororo, ili ziweze kukunjika mdomoni. Kila upande wa mdomo kulikuwa na kipande kirefu cha shavuni cha kuzuia lijamu isichomoke. Mikanda ya ngozi ilipopishana usoni mwa farasi palitiwa vifungo na vibao vya shaba, vingine vimefanyizwa sura ya ndege, paa au chui.

Shaba ninayoitaja si ile tupu ya nyaya za umeme, ambayo ni laini. Mafundi wa kale walichanganya shaba na bati (si mabati ya paa, ni ile metali yenyewe), mara nyingi kiasi cha sehemu tisa za shaba kwa moja ya bati. Wakapata metali ngumu kuliko shaba na kuliko bati. Tena mchanganyiko huo huyeyuka upesi kuliko shaba tupu, ambayo hungoja joto la nyuzi 1085. Uji wake wa moto ulimiminwa katika kalibu za mawe au za udongo, ukaachwa upoe, kisha fundi akausugua hadi ukang'aa. Na shaba hii haina tabia ya chuma. Chuma kikizikwa huliwa na kutu. Shaba ikizikwa hupata ukoko wa kijani tu, na ndani inabaki ilivyo.

Jambo lingine la kukumbuka ni kwamba wakati huo vile vikuku vya kutia miguu, anavyokanyagia mpanda farasi, havikuwapo. Vilikuja karne nyingi baadaye. Mpanda farasi wa Tomyris aliacha miguu ikining'inia, akavuta upinde kwa mikono miwili huku mnyama akienda mbio. Kilichomweka hai ni mapaja yake, maelewano yake na farasi, na kile kipande cha shaba kisichozidi sana shibiri moja. Kikikatika vitani, amekwisha.

Haya, sasa tumrudie malkia wetu.

Herodotus hatuonyeshi Tomyris akiwa mtoto wala akiwa bi arusi. Anatufungulia mlango mumewe akiwa ameshakufa, na yeye mwenyewe ndiye anayetawala. Alikuwa na mwana mmoja tunayemjua kwa jina, Spargapises, kijana aliyeongoza sehemu ya jeshi la mama yake.

Upande wa kusini alikuwako jirani ambaye hakuna aliyemtamani. Huyu alikuwa Cyrus, mfalme wa Uajemi. Tunaosoma Biblia ya Kiswahili tunamjua kwa jina la Koreshi, yule aliyewaruhusu Wayahudi warudi kwao kutoka Babeli. Mwaka wa 550 K.K. aliwashinda Wamedi. Karibu mwaka wa 546 K.K. alimteka Croesus, mfalme wa Lydia aliyesifika kwa utajiri. Mwaka wa 539 K.K. aliuchukua mji wa Babeli wenyewe. Alikuwa amezoea kwamba akinyosha mkono, kitu kinaingia mkononi. Basi akageuza macho kaskazini, kwenye zile nyanda za farasi.

Hakuanza kwa vita. Alianza kwa posa. Alituma wajumbe wamwambie Tomyris kwamba anataka kumwoa. Tomyris aliipima posa hiyo akaona haina mchumba ndani yake. Alielewa kwamba kinachotakiwa si yeye bali ni ufalme wake, akawakataza wajumbe wa Koreshi wasimkaribie.

Mimi ni mtoto wa mjane. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kidogo, nikatazama upande alikolala mama, halafu nikaendelea kusoma.

Koreshi alipoona werevu haukumfaa, akachukua jeshi waziwazi mpaka mto ambao Herodotus anauita Araxes. Akaanza kujenga madaraja ya kuvushia askari, na juu ya vyombo vya kuvukia akasimamisha minara. Kazi ikiwa bado inaendelea, Tomyris akamtumia mjumbe. Alimshauri aache alilokuwa akilifanya, atawale watu wake na avumilie kuwaona wengine wakitawala watu wao. Lakini alijua hatasikia, maana sikio la kufa halisikii dawa. Kwa hivyo akampa njia mbili. Kama anatamani sana kupigana, asijisumbue na madaraja. Ama Wamassageta warudi nyuma mwendo wa siku tatu ili yeye avuke apigane katika nchi yao, ama yeye arudi nyuma mwendo wa siku tatu ili wao wavuke wapigane katika nchi yake.

Ndugu msomaji, hapo nilishangaa. Huyu ndiye mtu ambaye Waajemi walimwona mshenzi, na bado ndiye aliyetaka vita vya haki, uso kwa uso, bila kuviziana.

Koreshi akaita baraza. Wakubwa wa Uajemi walikubaliana kwamba malkia aachwe avuke, wamsubiri nyumbani. Croesus peke yake alipinga. Yeye alikuwa mfalme aliyenyang'anywa ufalme, sasa akawa mshauri wa yule aliyemnyang'anya. Alisema kwamba wakishindwa ndani ya nchi yao watapoteza himaya nzima. Akaongeza kwamba ni aibu Koreshi kumrudia nyuma mwanamke. Kisha akatoa hila. Wamassageta hawakujua raha za Waajemi. Basi wachinjiwe kondoo wengi, wapikiwe, wawekewe mvinyo usiotiwa maji na kila aina ya chakula. Kambini wabakizwe askari dhaifu tu, wengine wote warudi mtoni. Adui akiona shibe ile ataisahau vita.

Koreshi akaipenda rai hiyo. Akamrudisha mwanawe Cambyses nyumbani Uajemi pamoja na Croesus, ili mrithi awe salama. Naomba mlitie akilini jambo hilo: baba alimweka mwanawe mbali na hatari, kisha akavuka mto kumtegea mwana wa mwenzake.

Mambo yakaenda kama yalivyopangwa. Theluthi moja ya jeshi la Wamassageta ikaishambulia kambi ile, ikawaua walioachwa, kisha ikakuta karamu imeandaliwa. Watu wa maziwa wakakaa wakala, wakanywa mvinyo, na usingizi ukawachukua. Waajemi wakarudi. Wengi waliuawa wakiwa wamelala, na wengi zaidi walikamatwa wakiwa hai. Miongoni mwa mateka alikuwa Spargapises.

Herodotus hasemi lolote kuhusu farasi waliowabeba vijana hao. Lakini mimi nililala nikiwawaza. Niliwaona wamesimama nje ya kambi na dirii zao za shaba kifuani, lijamu bado mdomoni, wakiwangoja watu ambao hawangetoka tena. Hii ni fikira yangu tu, msiitie katika mtihani.

Habari ilipomfikia Tomyris, alimtuma mjumbe mara ya pili. Alimlaumu Koreshi kwa kumshinda mwanawe kwa sumu ya mzabibu na si kwa nguvu za mkono vitani. Hata hivyo alimpa nafasi. Amrudishie mtoto wake, na aondoke nchini bila adhabu, ingawa ameifanyia fedheha theluthi ya jeshi lake. Akikataa, aliapa kwa jua, bwana wa Wamassageta, kwamba atamshibisha damu yeye asiyeshiba damu. Koreshi hakumjali.

Huko kambini Spargapises alizindukana na kuelewa balaa iliyompata. Akamwomba Koreshi amfungue pingu. Akafunguliwa. Mikono yake ilipopata uhuru tu, akajiua. Kijana huyu nadhani hakutuzidi sana umri. Mama alikuwa bado anangoja jibu, na mwana ameshakwenda.

Ndipo Tomyris akakusanya nguvu zake zote. Vita vilipiganwa mwaka wa 530 K.K. Herodotus anavihesabu kuwa vikali kuliko vita vyote vilivyowahi kupiganwa na watu wasio Wagiriki. Kwanza majeshi yalisimama mbalimbali yakatupiana mishale. Mishale ilipokwisha, wakavaana kwa mikuki na majambia. Walikabana kwa muda mrefu, hakuna aliyekubali kukimbia. Mwishowe Wamassageta wakashinda. Sehemu kubwa ya jeshi la Uajemi iliangamia pale pale, na Koreshi mwenyewe akauawa baada ya kutawala miaka 29.

Tomyris akaagiza kiriba kijazwe damu ya watu. Akautafuta mwili wa Koreshi kati ya maiti, na alipoupata akakitia kichwa chake ndani ya kiriba kile, kama alivyoapa. Wachoraji wa Ulaya waliipenda sana picha hiyo. Rubens aliichora karne ya 17, malkia amevaa hariri kama mwanamke wa Ulaya, na shaba ya farasi wake haipo.

Nilipowasimulia wenzangu njiani kurudi nyumbani, walishangilia hapo kwenye kiriba. Mimi sikushangilia. Kwa maana Herodotus anaeleza kwamba Tomyris, akiwa ameshika kichwa cha adui yake, alikiri kwamba ingawa yu hai na ameshinda vita, Koreshi ndiye aliyemwangamiza, kwa kuwa alimchukua mwanawe kwa hila. Malkia aliyemshinda mfalme mkubwa kuliko wote wa zama zake alijihesabu kuwa ameshindwa. Kuna mama wangapi, hata huku kwetu kunakoibwa mifugo na kulipizana kisasi, wanaoijua hesabu hiyo? Ng'ombe hurudishwa. Mtoto harudishwi.

Baada ya hapo Tomyris anatoka katika kitabu na harudi tena.

Sasa, mimi si mtu wa kuwaficha wasomaji. Wako waandishi wengine wa kale waliosimulia kifo cha Koreshi tofauti. Xenophon anamwonyesha akifa kwa amani, amezungukwa na watu wake. Ctesias anasema alijeruhiwa akipigana na watu wengine, Waderbike. Tena kaburi lake linaonyeshwa mpaka leo huko Pasargadae nchini Iran, na mtu anaweza kuuliza mwili ulifikaje huko. Herodotus mwenyewe alisema alisikia masimulizi mengi, akachagua hili kwa kuwa aliliona la kuaminika zaidi. Cambyses alirithi kiti cha baba yake, na mwaka wa 525 K.K. akaiteka Misri, kwa hivyo himaya haikufa na Koreshi.

Lakini kwamba watu wa farasi wa nyanda zile walikuwapo na walikuwa tishio, hilo halina ubishi. Mfalme Darius wa Uajemi alichonga kwenye jabali la Behistun picha ya mateka wake, na wa mwisho katika msururu ni Skunkha, mkuu wa Wasaka, amevaa kofia ndefu yenye ncha. Na ardhi yenyewe imetoa ushahidi.

Mbali kaskazini-mashariki ya nchi ya Tomyris, huko Tuva kusini mwa Siberia, kuna mahali panapoitwa Arzhan. Kati ya mwaka wa 1971 na 1974 wataalamu walichimbua huko kaburi kubwa la mfalme wa wafugaji lililojengwa karibu karne tatu kabla ya Tomyris. Ndani yake walikuta mabaki ya farasi wapatao 160, pamoja na lijamu na vifaa vya shaba vya hatamu zao. Humo pia mlikuwa na chui wa shaba aliyejikunja duara kama paka aliyelala, upana wake kama sentimita 25, na wengi huamini kwamba alikuwa pambo la kifuani mwa farasi. Hao si Wamassageta, lakini ni watu wa maisha yale yale: mifugo, nyika, na utajiri uliovishwa mnyama.

Wataalamu huzisoma shaba hizo kama sisi tunavyosoma maandishi. Umbo la pete za mwisho za lijamu huwaonyesha ni ya zama gani. Magego ya farasi huwaonyesha kama alitafuna lijamu, maana hulika kwa namna ya pekee. Ngozi ya hatamu huoza, mbao huoza, mpanda farasi mwenyewe huwa vumbi. Shaba inabaki pale pale shavuni, inasema hapa palikuwa na mshipi, na hapa palipishana mishipi miwili. Basi yule msemaji wa mdahalo wetu alikosea. Watu wa kuhamahama wanaacha nyayo. Ila ni lazima ujue pa kuzitafuta: si kwenye kuta, ni mdomoni mwa farasi.

Nilikirudisha kitabu kikiwa hai. Mwalimu akaniuliza kama sasa niko tayari kwa mdahalo wa marudiano. Nilimwambia niko tayari, lakini kuna jambo lililonitia wasiwasi, na ndilo ninalotaka kumalizia nalo.

Nyanya yangu ana kengele ya ngamia aliyoachiwa na mama yake. Imechongwa kwa mti, na kamba yake imesokotwa kwa ngozi. Ukiitikisa inatoa sauti nzito, ko, ko, ko, na nyanya anasema kila ukoo ulikuwa na sauti yake, hivi kwamba usiku mtu aliweza kujua ni ngamia wa nani wanapita. Hiyo ndiyo lijamu yetu. Lakini ya Tomyris ni ya shaba, yetu ni ya mti. Ikifukiwa chini mchwa wataimaliza kwa mwaka mmoja, na hakuna mtaalamu atakayekuja baada ya miaka 2500 kuichimbua. Wamassageta nao hawakujiandika. Yote tunayoyajua kuhusu malkia wao yaliandikwa na mgeni, na katika maandishi ya mgeni huyo mna mambo ya ajabu kuhusu desturi zao ambayo pengine wenyewe wangeyakataa.

Kwa hivyo nimenunua daftari la kurasa 96. Jumamosi tukishanywesha mbuzi ninakaa na nyanya, yeye anasema na mimi ninaandika: majina ya mapambo ya ngamia, kazi ya kila kamba, nani alichonga kengele ile, na katika ukame gani ilipotea ikapatikana. Tumefika ukurasa wa 31. Wakati mwingine ananiuliza kwa nini ninajisumbua na vitu vya zamani, nami humsimulia habari za Tomyris. Anapenda sana pale anapoikataa posa. Pale pa mtoto hutazama chini, akanyamaza, halafu anasema tuendelee na kazi.

Wenzangu, hasa nyinyi mnaotoka katika boma za wafugaji kama mimi, chovya chovya humaliza buyu la asali. Wazee wanatutoka mmoja mmoja. Chukueni kalamu. Na wewe ndugu yangu wa upande wa pili wa mdahalo, sina kinyongo nawe hata kidogo. Ulinicheka, nikasoma. Tukutane muhula ujao.

Mwanachama, Kidato cha Tatu